Bajeti niliyoiandika kwa chupa moja ya maji

Bajeti ya mwaka wa kwanza ya mtambo wetu niliiandika mimi. Ilipofika mwezi wa nane, fedha zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyeiba, wala hesabu za kujumlisha hazikuwa na kosa. Mkaguzi alizipitia akazikuta sawa. Ubaya ni kwamba kila kitu kwenye bajeti ile, umeme, dawa, vichujio, hata idadi ya watu wa zamu, kilisimama juu ya chupa moja ya maji iliyochotwa mtoni asubuhi moja, wiki chache baada ya mvua.

Mtambo wenyewe ni wa wastani. Unatoa mita za ujazo 2,000 kwa siku, unavuta maji mtoni karibu na pale mto unapoingia baharini, na unaondoa chumvi kwa RO, yaani maji husukumwa kwa presha kwenye tando nyembamba zinazopitisha maji na kuzuia chumvi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye mitambo ya kawaida ya kusafisha maji, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Sasa nina miaka 4 kwenye mtambo huu, na ninaandika kwa ajili ya yule atakayekabidhiwa wa kwake, hasa akikabidhiwa na watu ambao mashine wameshainunua.

Chupa ile ilisoma chumvi miligramu 1,900 kwa lita. Bahari ina kama 35,000. Unaona jinsi mtu anavyoweza kulewa tarakimu. Mitambo mizuri ya maji ya bahari hula uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo. Sisi tulipiga hesabu tukapata chini ya 1. Hesabu yenyewe si ngumu na kila msimamizi aijue kwa moyo: chukua presha ya pampu kwa bar, ambacho ni kipimo cha presha, igawanye kwa 36, kisha igawanye kwa ufanisi wa pampu, kisha kwa mavuno, yaani sehemu ya maji inayotoka ikiwa tamu. Presha bar 12, ufanisi asilimia 75, mavuno asilimia 75: unapata uniti 0.6 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni pampu kubwa peke yake, bado pampu za kuvutia maji na za kupeleka kwenye tangi.

Tena kulikuwa na unafuu mwingine ambao nilijivunia sana kwenye kikao. Maji yanayotoka kwenye tando ni matamu kupita haja, yetu yalikuwa na miligramu kama 40 tu. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya 600 kwa kawaida huonekana kuwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 hayanyweki kwa raha. Sisi tulijiwekea 500. Maana yake, karibu robo ya maji tunayogawa haikuhitaji kupita kwenye tando kabisa: unayachuja tope, unayaua vijidudu, unayachanganya na yale matamu, basi. Kati ya mita 2,000, tando zitoe 1,500 tu.

Kisha kiangazi kikaja. Mto ukapungua nguvu, bahari ikapanda ndani. Chumvi ikafika 3,000, ikafika 5,000, na wiki mbaya kuliko zote ikagonga 7,500.

Niliposoma 7,500 nilidhani ni umeme tu utakaopanda. Sikuwa nimeelewa kwamba kila kitu kingepanda kwa pamoja, na kila kimoja kinazidisha kingine. Presha ilipanda kutoka bar 12 hadi 22, kwa sababu maji yakiwa na chumvi zaidi yanagoma zaidi kutengana nayo. Mavuno tukayashusha hadi asilimia 65, la sivyo chumvi iliyokolea ingeganda ukoko juu ya tando. Uniti 0.6 zikawa 1.25. Na ule unafuu wa kuchanganya? Kwa maji ya 7,500, sehemu unayoweza kuchanganya bila kuvuka 500 ni kama asilimia 4. Tando zilizopangiwa kutoa mita 1,500 zikatakiwa zitoe 1,920. Ukiweka yote pamoja, umeme wa pampu kubwa kwa kila mita inayomfikia mtumiaji ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule niliouandika.

Halafu angalia upande wa pili. Maji ghafi ya kuvuta mtoni yalitoka mita 2,500 yakapita 3,000, na yote yanataka shabu, yanataka kuchujwa, yanaacha tope la kutupa. Maji makali ya chumvi iliyokolea yanayobaki, ambayo kibali chetu cha kuyamwaga kilikadiria mita 500 kwa siku, yakawa zaidi ya 1,000. Hilo la kibali lilinikosesha usingizi kuliko umeme, kwa sababu bili ya umeme unaweza kuomba muda, lakini ukivuka kibali umevuka.

Kama kuna jambo moja ningeomba lifanyike kabla ya mtu kununua hata bomba, ni kuacha kipima chumvi ndani ya mto kwa mwaka mzima, kikiandika kila robo saa, na kiwe zaidi ya kimoja: kimoja juu, kimoja chini. Kipimo hicho ni bei ndogo mno ukilinganisha na tando za mtambo mmoja. Sisi hatukukiweka. Tulichojifunza kuhusu mto wetu tulikipata kwenye fomu ya madai ya saa za ziada, na kisa chenyewe kilikwenda hivi.

Kijana wa zamu ya usiku alikuwa analazimika kubaki kila king'ora cha chumvi kinapolia. Akaandika saa zake, akapeleka kwa mhasibu. Mhasibu akazikataa. Akaniletea ofisini karatasi na mwenyewe nyuma yake. "Bosi, tazama mwenyewe. Jumatatu saa 7:10 usiku. Jumanne saa 8:00. Jumatano saa 8:50. Huyu anabuni, tena anabuni kwa mpangilio."

Kijana akajibu taratibu, "Bosi, mimi sibuni kitu. Anayebuni ni king'ora."

Dakika 50. Kila siku mbele kwa dakika 50. Nilizitazama zile karatasi mpaka nikaona aibu, kwa maana mtu yeyote anayeishi na bahari anaijua tarakimu hiyo: ni maji kujaa, yanayochelewa kiasi hicho kila siku yakifuata mwezi. Na mchana king'ora kilikuwa kinalia tena, saa 12 na dakika 25 hivi baada ya kile cha usiku. Tukafuatisha madai ya miezi 3. Wiki zilizokuwa na madai mengi zaidi ziliangukia bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wiki za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, kijana hakudai karibu chochote. Sisi tulikuwa tunavuta maji saa 24 bila kuchagua, na sehemu ya siku tulikuwa tunavuta bahari.

Mbaya zaidi, mdomo wa bomba letu ulikuwa chini kabisa, karibu na sakafu ya mto. Mchoraji aliuweka huko ili usibaki mkavu wakati wa kiangazi, na mimi nilisaini mchoro huo. Lakini maji ya chumvi ni mazito, huingia chini kwa chini kama kabari huku maji ya mto yakipita juu yake. Siku tulipoteremsha kipima kwa kamba tukakuta juu 1,400 na chini zaidi ya 6,000, mahali pale pale, dakika ile ile.

Tukabadilisha. Mdomo wa bomba tukauning'iniza kwenye boya, mita moja chini ya uso wa maji. Tukachimba bwawa la kuhifadhi maji ghafi ya zaidi ya nusu siku, tukawa tunavuta kwa nguvu maji yanapokupwa na kufunga yanapojaa. Hatukugundua jambo jipya hapo: mtambo wa Beckton, London, uliofunguliwa 2010 na kujengwa kwa uwezo wa lita milioni 150 kwa siku, ulibuniwa kuvuta maji ya mto Thames wakati wa kupwa kwa sababu hiyo hiyo. Gharama ya boya ilirudi ndani ya kiangazi kimoja. Ya bwawa bado inarudi, tena bwawa lilileta mwani wake, na mwani ulileta bili yake ya dawa. Hata hivyo ningelichimba tena.

Kufikia hapo ungedhani adui ni chumvi. Nami nilidhani hivyo hadi masika ya kwanza.

Mvua iliponyesha juu huko, chumvi ilishuka hadi 300, tukashukuru. Siku ya tatu mto ukaja mwekundu. Vile vichujio vya katriji vinavyokaa mbele ya tando kama mlinzi wa mwisho, ambavyo bajeti yangu ilivibadilisha kila miezi 2, tukawa tunavibadilisha kila baada ya siku 3. Kuna kipimo kinachoitwa SDI kinachoonyesha maji yataziba tando kwa kasi gani. Watengenezaji wa tando wanataka kisizidi 5, na ukiwa chini ya 3 unalala. Sisi hakikusomeka hata kidogo, karatasi ya kupimia iliziba kabla muda haujafika. Anayetoka kwenye maji ya kisima au ya bahari iliyo safi hawezi kuamini ni kiasi gani cha fedha kinakwenda kabla maji hayajaiona tando. Kwa mto, kazi kubwa iko pale mbele: shabu au dawa ya feri ya kugandisha tope, kutuamisha, mchanga, kusafisha mchanga, kubeba tope. Sehemu hiyo ndiyo wauzaji waliipunguza ili bei ya jumla ipendeze, nasi tukapendezwa.

Katika hofu ile nilifanya kosa ambalo hadi leo silisimulii kikaoni. Muuza dawa mmoja alituletea polima ya kugandisha tope upesi, na kweli maji yalitakata ndani ya saa moja. Nikaongeza kipimo. Polima ile ilikuwa na chaji chanya, na dawa yetu ya kuzuia ukoko ina chaji hasi. Mabaki ya moja yalipokutana na nyingine yakawa gundi. Tukaosha kwa dawa ya alkali, tukaosha kwa asidi, tukaosha tena. Tando 12 za mbele hazikurudi. Usiweke polima yoyote mbele ya tando bila kuwauliza watu wa dawa ya ukoko kwa maandishi, na ukiiweka iwe kwa kipimo cha mkufu wa dhahabu.

Lakini hasara kubwa kuliko zote tuliishangilia. Nataka niieleze vizuri kwa sababu bado naiona ikiwapata wengine.

Mtambo wetu una mirija ya presha 18, kila mmoja una tando 6, jumla 108. Tando za kisasa ni za poliamidi, aina ya plastiki, na haziivumilii klorini. Ila bomba la kuvuta maji ya mto bila klorini huota utelezi na kome, kwa hiyo unaweka klorini kule mwanzo, kisha unaiua kwa dawa nyingine, metabisulfaiti, kabla ya tando. Pampu ndogo ya metabisulfaiti, kitu cha kubeba kwa mkono mmoja, ikavuta hewa. Haikuzimika, iliendelea kugonga tiki-tiki bila kusukuma kitu. King'ora chake kilikuwa kimezimwa wiki moja kabla kwa sababu kilikuwa kinalia ovyo, na ruhusa ya kukizima niliitoa mimi.

Wiki iliyofuata uzalishaji ukapanda. Presha ikashuka. Umeme ukapungua. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba "hatua za ufanisi zimeanza kuzaa matunda," na mkubwa mmoja akanipigia simu kunipongeza. Chumvi kwenye maji matamu ilikuwa inapanda kidogo kidogo, lakini kilikuwa kiangazi, na chumvi ya mto nayo ilikuwa inapanda, kwa hiyo kila mtu alikuwa na maelezo tayari. Zilipita wiki 3 kabla ya mama wa maabara kunishika mkono na kuniambia, "Hebu acha kusoma chumvi inayotoka. Soma ni asilimia ngapi ya ile iliyoingia." Ilikuwa imepanda mara tatu. Maji yalikuwa yanapita kwa wepesi kwa sababu tando zilikuwa zinaungua na kutoboka. Tulibadilisha hatua nzima ya kwanza, yaani mirija 12 inayopokea maji kwanza, tando 72 kati ya 108, mwaka wa pili, wakati kwa kawaida tando za maji ya aina yetu zikitunzwa hukaa kama miaka 5.

Tangu siku hiyo mtambo ukinipa habari njema ninaanza na pampu ya metabisulfaiti. Ziko mbili sasa, moja ikisimama nyingine inashika, na king'ora chake hakizimwi hata kikilia usiku kucha. Kila siku tunaandika asilimia ya chumvi inayopita, tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka, na mtiririko uliorekebishwa kwa joto la maji, maana kila nyuzi moja ya joto inabadilisha mtiririko kwa kama asilimia 3 na unaweza kulaumu tando kwa kosa la hali ya hewa. Mtiririko ukishuka kwa asilimia 10, au tofauti ya presha ikipanda kwa 15, tunaosha. Zamani tulikuwa tunasubiri mpaka mtambo ulie, na tando iliyosubiri hivyo haioshiki uchafu ukatoka wote.

Masika ya pili kamati ilikuja na wazo ambalo lina mantiki kabisa: mto sasa ni mtamu, zima RO, tuokoe fedha. Tulizima. Umeme ulipungua kweli. Vingine havikupungua. Watu wa zamu wapo, mkopo upo, ada ya umeme inayotozwa kwa ukubwa wa laini ipo, na tando zenyewe haziwezi kuachwa tu ndani ya maji. Ndani ya siku chache zinaota vijidudu. Ilibidi tuzisuuze kwa maji matamu na kuzijaza mchanganyiko wa metabisulfaiti wa asilimia 1, kisha kupima kila mara kama asidi haijapanda sana, pH ikishuka chini ya 3 unamwaga na kuanza upya. Mtambo unaolala unakula. Yuma, Arizona, Marekani ilijenga mtambo mkubwa wa kuondoa chumvi kwenye maji yanayotoka mashambani, kwa sababu ya mkataba wake na Meksiko kuhusu chumvi ya mto Colorado. Ulikamilika 1992, ukafanya kazi kwa theluthi tu ya uwezo wake kwa miezi michache, mafuriko ya 1993 yakaharibu mifereji, ukazimwa. Uliwashwa tena kwa majaribio 2010 hadi 2011. Kwa miaka mingi watu waliajiriwa kuutunza tu. Beckton nao, pamoja na ukubwa wake, umekaa kimya sehemu kubwa ya maisha yake. Sisemi ni makosa kujenga kwa ajili ya ukame. Nasema mstari wa "mtambo umezimwa" nao uwe na fedha zake kwenye bajeti, kwa sababu wangu ulikuwa na sifuri.

Sasa tunapokezana: masika tunaendesha mirija michache kwa zamu ili kila tando iguswe na maji, na sehemu kubwa ya maji inapita pembeni.

Mengine nitayapitia haraka. Maji yanayotoka kwenye tando yana njaa, hayana chokaa, yana hewa ukaa, yanakula mabomba. Tulipuuza chujio la chokaa mwishoni, na mitaa miwili ikapata maji ya kutu kwa mwezi mzima. Usiwashe pampu kubwa zote kwa pamoja, bili nyingi za umeme hukumbuka kilele cha dakika chache kwa mwezi mzima. Weka kidhibiti mwendo kwenye pampu kubwa; sisi mwaka wa kwanza tulikuwa tunapunguza presha kwa kubana valvu, yaani tunanunua umeme na kuuchoma papo hapo. Na kabla ya kudai mtambo uongezwe, zibeni mabomba yanayovuja. Kuna kipindi maji tuliyoyatengeneza kwa jasho lote hili yalikuwa yanapotea ardhini, na mafundi wawili wenye koleo walituokolea mita nyingi kuliko tando mpya zingetupa.

Bajeti siku hizi ina kurasa nne badala ya moja: masika, kiangazi cha kawaida, kiangazi kibaya, na mtambo umelala. Fedha za tando mpya tunaziweka pembeni kila mwezi, tando zikiwa nzima au zisiwe. Kamati haikuipenda mwanzoni. Walitaka wastani, na mimi nikawaonyesha kwamba mwaka mzima hakukuwa na hata wiki moja mto ulipokuwa wa wastani.

Kijana wa zamu alilipwa saa zake zote, na sasa yeye ndiye anayepanga ratiba ya kuvuta maji kwa kufuata majira ya kupwa na kujaa. Zamu ya bwawa inaanza saa tofauti kila siku. Mhasibu bado analeta zile karatasi ofisini kwangu kila mwisho wa mwezi, anaziweka mezani, ananitazama, kisha anasaini.